Msomaji Aliyepandia Njiani

Mhadhara kwa walimu, wanafunzi na wasomaji wa Kitui na Makueni



Mwaka jana msichana mmoja wa kidato cha pili alinijia wakati wa mapumziko, mkononi ameshika kitabu cha vibonzo kilichokunjika pembe. Jaladani palikuwa na namba 17. Binamu yake alikuwa amemletea kutoka Nairobi, naye alikuwa hajakifungua. Akaniuliza, "Mwalimu, hiki ni cha kumi na saba. Nikisome, ama ningoje mpaka nipate cha kwanza?" Nilimjibu haraka kwamba akisome tu, kengele ikalia, tukaachana. Lakini jibu langu halikunitosha. Msichana yule alikuwa na adabu ya msomaji: hakutaka kumkosea mwandishi kwa kuingia nyumbani mwake kupitia dirishani. Swali lenye adabu namna hiyo linastahili jibu refu, na jibu lenyewe ndilo nililokuja nalo leo, japo limechelewa.

Mimi ni mtoto wa Mtito Andei. Wasafiri wa barabara ya Mombasa wanaujua mji huo kama mahali pa kunyoosha miguu, kwa sababu uko karibu nusu ya njia kati ya Nairobi na pwani. Sisi tuliokulia pale hatukuwa na mwanzo wa safari wala mwisho wake. Mabasi yalifika yakiwa yamejaa watu waliokwisha kugombana, kupatana, kulala na kuamka, kisha yakaondoka na visa vyao kabla hatujajua viliishaje. Mama yangu alifanya kazi katika hoteli moja ya kando ya barabara, akipangusa meza. Abiria walipewa muda mfupi wa kula. Honi ikilia, mtu aliacha chai nusu kikombe na gazeti juu ya benchi. Mama aliyaokota magazeti yale, akayafuta mchuzi kwa kitambaa, akaniletea jioni.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kusoma vibonzo. Sehemu ya kumi na moja ilinifikia kabla ya sehemu ya nne. Nilimwona mtu akianguka kutoka juu ya mwamba bila kujua ni nani aliyemsukuma, na wiki tatu baadaye nikamkuta mtu yuleyule akinywa uji kwa utulivu, mguu mzima. Neno "itaendelea" nililiona mara nyingi sana, na mara chache mno niliona ikiendelea. Mama akiwa anachagua ndengu kwenye ungo, aliniuliza siku hiyo nimepata nini, nami nikamsimulia. Yeye alikuwa na swali moja lisilokosa: "Na huyu ni mtoto wa nani?" Kwetu humjui mtu mpaka ujue ametoka mji gani, kwa nani. Sikuwa na jibu, kwa hiyo nililitunga. Wahusika wote wa magazeti ya Nairobi na Mombasa niliwapa wazazi, kondoo na mashamba. Nadhani kazi yangu ya ualimu wa fasihi ilianzia kwenye ungo ule.

Ninachodai ni hiki: msomaji anayepandia njiani hajachelewa. Katika mifululizo mingi ya vibonzo, namba 1 ni kama msingi uliofukiwa, ambao hata waliojenga nyumba hawana hamu ya kuuonyesha. Mlango uko kwingine. Na anayeingia katikati huja na maswali ambayo waliokuwamo tangu mwanzo wamesahau kuyauliza.

Tuanze na jambo tunalolijua bila vitabu. Kalenda ya ukutani inasema mwaka unaanza Januari. Sasa mwulize mkulima wa Mutomo, wa Ikutha au wa Kathonzweni. Hapa kwetu mvua ya kutegemea ni ile ya Oktoba hadi Desemba. Ile ya Machi hadi Mei, ambayo kwingine nchini ndiyo mvua kubwa, mara nyingi hutuangusha. Kwa hiyo mkulima anayeijua ardhi yake hutengeneza shamba Septemba, akapanda kunde, ndengu, mtama na mbaazi mvua inapokaribia, na mwaka wake unaanzia hapo. Hakuna anayemwambia kwamba amechelewa miezi tisa. Mfululizo wa vibonzo nao una Januari yake na una Oktoba yake. Mtu akikuuliza aanzie wapi, mwonyeshe penye mvua.

Mfano ulio wazi zaidi ninaoujua ni Tintin, yule mwanahabari kijana mwenye kishungi cha nywele kilichosimama. Mbelgiji Hergé alianza kumchora Januari 1929. Safari yake ya kwanza ilikuwa Urusi ya Wasovieti, na ya pili, mwaka 1930 na 1931, ilikuwa Kongo. Kitabu hicho cha Kongo kimejaa dharau ya kikoloni: Waafrika wamechorwa midomo mikubwa, wanasema kama watoto, wanamsujudia mgeni. Hergé mwenyewe alikuja kuijutia kazi hiyo ya ujana wake. Kisha mwaka 1934 akakutana na mwanafunzi wa sanaa kutoka China, Zhang Chongren, aliyemfundisha kuitazama nchi ya watu kabla ya kuichora. Kisa cha China kilichotokana na urafiki ule ndicho watu wengi hukitaja kuwa mwanzo halisi wa Hergé kama msanii. Basi fikirini mtoto wa Kibwezi anayeambiwa na mwalimu mwenye nia njema, "Anza na cha kwanza, ufuate utaratibu." Kitabu cha pili tu atakutana na tusi kwa babu zake. Atafunga kitabu, na atakuwa na haki. Mwalimu angemwambia aanze na cha tano, hicho cha China, angempa rafiki.

Ndugu wa Tintin katika rafu za maktaba ni Asterix, wa René Goscinny na Albert Uderzo, aliyeanza mwaka 1959. Waungwana wale wawili walielewa shida ya msomaji wa njiani kuliko wengi. Kila kitabu chao hufunguka kwa ramani ileile, kioo cha kukuzia kimewekwa juu ya kijiji kimoja kidogo, na maelezo mafupi ya nani ni nani. Unaweza kuokota kimoja peke yake, kimetengana na ndugu zake wote, na bado ukakaribishwa kama mgeni aliyetarajiwa.

Lakini kisa kinachonigusa zaidi, na ambacho naomba mnivumilie nikikaa nacho, ni cha mwanamke mmoja anayeitwa Ororo.

Mfululizo wa mashujaa wa X-Men, ambamo tunamkuta, ulianza Septemba 1963 mikononi mwa Stan Lee na Jack Kirby. Haukushika vizuri. Baada ya toleo la 66, mwaka 1970, kampuni iliyouchapisha iliacha kuandika visa vipya, na kuanzia namba 67 hadi 93 ikawa inachapisha upya visa vya zamani. Miaka mitano mfululizo huo ulikuwa kama shamba lililolala. Mwaka 1975 Len Wein na mchoraji Dave Cockrum wakatoa toleo nene la pekee lenye kundi jipya la mashujaa waliokusanywa kutoka pembe nyingi za dunia, na Agosti mwaka huohuo mfululizo wa kawaida ukaendelea kutoka pale ulipokuwa umesimama: namba 94. Mwandishi akawa Chris Claremont, aliyekaa nao hadi 1991. Karibu kila jambo ambalo wapenzi wa X-Men wanalipenda lilizaliwa kuanzia hapo. Hiyo ndiyo Oktoba yao. Msomaji wa mwaka 1975 aliyekataa namba 94 kwa sababu hakuwa na namba 1 aliikosa mvua yote.

Katika toleo lile nene, profesa anayewakusanya mashujaa anafika Kenya. Anawakuta watu waliopigwa na ukame, wamekuja kumwomba Ororo kana kwamba ni mungu wao, awaletee mvua. Naye anainua mikono, mawingu yanakusanyika, mvua inanyesha. Kisha profesa anamwambia kwamba yeye si mungu, ni binadamu mwenye kipawa, na kwamba dunia pana zaidi inamhitaji. Anaondoka naye. Kurasa chache tu, na dunia nzima ya wasomaji ikamjua mwanamke anayeamuru mawingu.

Ninyi mnaijua mvua. Mnamjua mama anayeamka usiku wa manane kwenda kuchimba kisima kwenye mchanga wa mto Thua ama Tiva, akingoja maji yajikusanye kikombe kwa kikombe. Mnawajua wazee waliopeleka sadaka kwenye ithembo, mahali patakatifu pa kuombea mvua, na nyanya zetu waliocheza ngoma ya kilumi mpaka ikawashika. Mtu wa Kitui akizisoma kurasa zile hasomi alichokisoma kijana wa Chicago. Sitasema zaidi hapa, kwa maana nitarudi kwa Ororo kabla sijaketi.

Jambo la kiufundi nataka mlione sasa hivi. Ororo alipotokea mara ya kwanza hakuwa na wazazi, hakuwa na utoto. Alikuwa tu pale, mtu mzima. Swali la mama yangu, "Huyu ni mtoto wa nani?", lilijibiwa baadaye, katika namba 102 ya Desemba 1976. Hapo ndipo wasomaji walipoambiwa kwamba mamake alikuwa binti wa ukoo wa kifalme wa Kenya, babake mpigapicha Mmarekani, kwamba alizaliwa New York na kulelewa Cairo, na kwamba wazazi wake walikufa nyumba yao ilipowaangukia wakati wa vita vya Suez, yeye akabaki amefukiwa chini ya kifusi, ndiyo sababu anaogopa mno mahali palipobana. Katikati yake ilitangulia, mwanzo wake ukaandikwa nyuma. Wasomaji waliokuwa wakimfuata tangu siku ya kwanza walikuwa nao wamempandia njiani, kwa sababu njiani ndipo waandishi wenyewe walipomkuta.

Ndivyo ilivyo kwa wengi. T'Challa, yule mfalme wa Wakanda ambaye vijana wetu walimshangilia kwenye sinema mwaka 2018, hakuanza na namba 1 yake mwenyewe. Aliingia Julai 1966 katika toleo la 52 la mfululizo wa watu wengine, Fantastic Four. Anayetafuta mwanzo wa T'Challa lazima abishe hodi katikati ya nyumba ya jirani.

Kampuni kubwa zimejaribu kuliondoa tatizo hili kwa nguvu. DC, wachapishaji wa Superman, waliona kwamba miaka karibu hamsini ya visa imekuwa mzigo kwa msomaji mgeni, wakachapisha kati ya 1985 na 1986 mfululizo wa matoleo 12 ulioteketeza malimwengu yao mengi na kubakiza ulimwengu mmoja. Mwaka 2011 wakaenda mbali zaidi: walifunga vitabu vyao vyote vya mashujaa na kufungua mifululizo 52, kila mmoja kuanzia namba 1. Hata Action Comics, iliyomleta Superman mwaka 1938, ikarudi kuwa mtoto mchanga. Ilidumu hivyo miaka mitano. Mwaka 2016 wakairudishia hesabu yake ya zamani, wakaendelea na namba 957, na Aprili 2018 wakasherehekea toleo la 1000. Mimi nasoma hapo ungamo. Walikuwa wamedhani mgeni anaogopa namba kubwa. Mgeni huogopa nyumba ambayo hakuna anayemwambia karibu, hata kama imejengwa jana.

Naomba nisieleweke vibaya. Kuna mifululizo ambayo lazima uianze mwanzo. One Piece ya Eiichiro Oda, iliyoanza Japani mwaka 1997 na kupita vitabu 100, ni safari ya mtu mmoja anayesimulia hadithi moja. Ukiingia kitabu cha 60 umejinyang'anya jambo ambalo mwandishi amelijenga kwa subira ya miaka mingi. Vivyo hivyo Naruto, iliyoisha mwaka 2014. Kwa hiyo kabla ya kuuliza hiki ni cha ngapi, uliza kimetungwa na nani. Hadithi ya mtu mmoja yenye mwisho anaouona mbele yake, ifuate tangu mlangoni. Mhusika anayepitishwa mkono kwa mkono, mwandishi kwa mwandishi, mwaka baada ya mwaka, huyo ni kama barabara ya Mombasa: pandia popote basi linaposimama.

Waandishi wetu wa hapa Afrika Mashariki waliijua siri hii mapema, labda kwa sababu wasomaji wao walikuwa watu wa aina yetu, wenye gazeti la leo bila la jana. Edward Gitau alimchora Juha Kalulu miongo mingi, na wasomaji wa Taifa Leo waliozaliwa, wakaoa, wakapata wajukuu walimkuta gazetini kila mara. Sijawahi kukutana na mtu aliyeuliza kisa cha kwanza cha Kalulu kilikuwa kipi. Unamwona, unamjua, unacheka, kesho tena. Gado naye, mwaka 1996, alipochora Abunuwasi kwa wachapishaji wa Sasa Sema, alimchukua mtu ambaye pwani yote inamjua na ambaye hakuna anayejali alizaliwa lini. Frank Odoi, Mghana aliyeifanya Nairobi kuwa kwao hadi alipofariki mwaka 2012, alifanya jambo gumu zaidi: Akokhan yake ilikuwa hadithi ndefu ya uhasama wenye nguvu za kale, na ilitujia vipande vipande gazetini. Nakiri kwamba vipande vingine sijavipata hadi leo. Lakini uso wa kila mhusika wake ulikuwa na historia iliyochorwa ndani yake, na ulijua upesi nani wa kuogopwa.

Shujaaz, jarida la vibonzo, ndiyo iliyoleta swali hili la kupandia njiani mpaka kwenye maduka yetu. Ilianza Februari 2010, ikatolewa bure, ndani ya gazeti la Daily Nation na kwa mawakala wa M-Pesa. Mhusika mkuu, Boyie, ni kijana wa miaka 19 aliyemaliza shule bila kupata kazi. Chumbani mwake ameunda mtambo wa redio, anaingilia mawimbi ya stesheni za FM kwa jina la DJ B, na siri ni kwamba hakuna anayejua DJ B ni nani. Kando yake kuna Maria Kim, Charlie Pele na Malkia, kila mmoja na kisa chake. Tazameni ufundi wa siri ile. Msomaji wa toleo la kwanza anaijua. Msomaji wa toleo la ishirini anaambiwa ukurasa wa kwanza, na papo hapo anakuwa sawa na yule aliyetangulia, kwa sababu wote wawili wanajua jambo ambalo majirani wa Boyie hawalijui. Siri ni karibisho la haraka kuliko muhtasari wowote. Umeshirikishwa, basi wewe ni wa nyumbani.

Na kila toleo lilibeba jambo la kuchukua hata kama hutaliona tena lingine. Wengi wenu mnakumbuka vifaranga waliopakwa rangi ya zambarau ili mwewe asiwatambue kuwa chakula. Mtu aliyepata toleo hilo moja tu, dukani, akingoja kutoa pesa, alirudi nyumbani na kitu cha kujaribu kwenye banda lake. Wakala aliyekuwa na nakala mwezi huu huenda mwezi ujao hakuwa nazo, na waliotunga walilazimika kuandika kana kwamba kila nakala ni ya kwanza na ya mwisho kwa mtu fulani. Nadhani hilo liliwafanya waandishi bora. Tuzo za kimataifa za Emmy zilizofuata hazikunishangaza.

Hata hivyo palikuwa na ugumu mmoja ambao wanafunzi wangu wa Makueni waliniambia bila kuficha. Shujaaz iliandikwa kwa Sheng ya Nairobi. Kwa mtoto wa Nzaui anayezungumza Kikamba nyumbani na Kiswahili sanifu darasani, kuingia katikati ya hadithi kulikuwa pia kuingia katikati ya lugha, na lugha yenyewe ilikuwa inabadilika kila mwaka. Niliwaona wakifanya nini? Waliweka vidole kwenye picha. Walisoma mkono uliofungwa ngumi, jicho lililotazama kando, kisha wakarudi kwenye kiputo na kukisia neno. Walikisia vizuri kuliko walivyokisia katika vitabu vya kiada.

Hapo pana somo la namna ya kusoma, na kwa msichana wangu wa namba 17 ningeanza nalo. Soma kitabu mara ya kwanza bila kusoma maneno. Pitisha macho kwenye fremu, ukurasa kwa ukurasa, uangalie nani anasimama karibu na nani, nani anageuza uso pindi mwingine anapoingia. Kovu, koti, rangi ya nywele: mchoraji amezihifadhi humo kumbukumbu za matoleo 16 ambayo huna. Mara ya pili soma maneno, na pale unapokwama andika swali kwenye karatasi, uendelee. Usirudi nyuma. Ukifika mwisho utakuta maswali mengine yamejijibu. Yale yaliyobaki, nusu yake ni siri ambayo hata mwenye matoleo yote hajafunuliwa, na nusu nyingine umwulize mtu.

Umwulize mtu. Hili nalisisitiza kwa sababu tumelea wasomaji wapweke. Kijana wa zamani aliporuhusiwa kukaa thome, pale nje ya boma ambapo wanaume waliketi jioni kando ya moto, hakukuta wazee wakimngoja waanze. Aliwakuta katikati ya shauri. Alikaa, akasikiliza, akasukuma kuni motoni, na mzee aliyemkaribia akamnong'oneza ng'ombe wa kesi ni wa nani. Yaliyopita yalimfikia kupitia mdomo wa jirani, kwa kiasi alichohitaji jioni ile.

Na tukitaja yaliyopita: kilomita chache kutoka mji wa Kitui, kule Mulango, alizaliwa mwaka 1931 John Mbiti, aliyekusanya hadithi za Wakamba kwa mamia na kuchapisha baadhi yake mwaka 1966. Miaka mitatu baadaye, katika kitabu chake kikubwa kuhusu dini na falsafa ya Kiafrika, alichukua maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, akajenga juu yake nadharia nzima ya wakati. Wanafalsafa wameibishia sana, na mengine ya mabishano yao yana uzito. Lakini picha moja katika nadharia ile haijaniacha: matukio hayatoki zamani yakija kwetu, yanatoka sasa na kuzama katika zamani. Sasa ndiyo inayoishi, na zamani ni ghala linalopokea. Nikimsoma Mbiti nikiwa na kibonzo mkononi, nauona mfululizo ukigeuka. Namba 1 haiko mlangoni ikidai ada. Iko ndani kabisa, ghalani, na utaifikia siku utakapokuwa na haja ya mbegu yake.

Kuna hatari moja ya anayepandia njiani, nami ningekosa uaminifu nisipoitaja. Ni kudhani kwamba gari liliwashwa alipopanda. Tarehe 3 Desemba 1849, mmisionari Krapf aliuona mlima wenye theluji akiwa hapahapa Kitui. Alikuwa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa aliyepeleka misafara pwani, na Kivoi ndiye aliyekuwa amemweleza habari za mlima ule. Jina la nchi yetu linatokana na namna watu wa hapa walivyouita. Lakini kwa vizazi vingi vitabu vilisimulia kana kwamba mlima uligunduliwa siku ile. Krapf hakukosea kufika katikati. Kosa lilikuwa la waliomfanya namba 1.

Walimu wenzangu, nawaomba hivi. Kifurushi cha vitabu vya msaada kikifika shuleni na mkakuta vibonzo namba 6, 9 na 23, msiviweke kabatini mkingoja vilivyopotea. Havitafika. Viwekeni mezani. Nanyi vijana mnaochora, ambao wengine mmenionyesha madaftari yenu leo asubuhi: mtajeni kila mhusika kwa jina katika kurasa mbili za kwanza, na msiwafanye ndugu wawili waelezane jambo ambalo wote wanalijua, eti ili msomaji asikie. Mleteni mgeni ndani ya hadithi, mtu mwenye sababu ya kuuliza. Sikuwa na mwalimu wa kuniambia haya, lakini nilikuwa na mama.

Yeye bado yuko Mtito Andei. Hoteli ile haipo tena na macho yake yamepungua nguvu. Desemba iliyopita mvua ilikuwa imenyesha mara mbili tu tangu kupanda, nilipomtembelea nikiwa na nakala ya toleo lile la mwaka 1975, ambalo siku hizi limechapishwa upya. Sikumweleza X-Men ni akina nani. Nilifungua ukurasa wa Kenya nikamshikisha kitabu, nikamfasiria kwa Kikamba yale yaliyokuwa kwenye viputo. Alimtazama Ororo kwa muda mrefu. Aliitazama mvua. Alimtazama profesa akija, na Ororo akikubali kwenda. Nilisubiri aniulize ni mtoto wa nani, kwa sababu safari hii nilikuwa na jibu, na jina la babake, na Cairo, na kila kitu.

Hakuuliza hivyo. Aliweka kidole juu ya wale watu waliokuja kuomba, wadogo, chini ya fremu, wamelowa, akaniuliza, "Na hawa aliowaacha, msimu uliofuata walinyeshewa na nani?"

Niligeuza kurasa nikitafuta. Mashujaa wanakwenda kisiwani, wanapigana, wanashinda. Katika toleo lile watu wa ukame hawarudi tena. Nilimwambia hivyo. Akanyamaza, kisha akaomba nimwachie kitabu kidogo, akatoka nacho nje kwenye mwangaza.